KUSHUKA MLIMANI
Neno kwa Sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana

Masomo: Marko 9:2-29, Mathayo 4:5-7, Kumbukumbu la Torati 22:8



Kila mwaka tarehe 6 Agosti Kanisa hukumbuka siku ile Bwana Yesu alipowatwaa Petro, Yakobo na Yohana, akapanda nao mlima mrefu, na huko juu sura yake ikageuka mbele ya macho yao. Sisi wahubiri tuna desturi moja siku hiyo. Twapanda pamoja na wale mitume watatu, twaeleza habari za mavazi meupe, za Musa na Eliya, za lile wingu na Sauti iliyotoka ndani yake, kisha twasema Amina na kuwaacha Wakristo kileleni. Nani awashushe? Petro mwenyewe alikuwa na wazo kama letu. Alitaka vijengwe vibanda vitatu, wakae hukohuko. Marko, ambaye si mtu wa maneno mengi, atuambia kwamba Petro hakujua la kusema.

Mwaka huu nawaomba tusifunge kitabu hapo. Tusome na zile aya zinazofuata. Luka asema ilikuwa kesho yake, waliposhuka, ndipo walipokutana na mkutano mkubwa chini. Na katika mkutano ule alikuwamo baba mmoja na mtoto wake, mtoto wa pekee, ambaye pepo alikuwa amezoea kumwangusha. Marko aongeza kwamba mara nyingi mtoto huyo alitupwa motoni na majini. Wale wanafunzi tisa waliobaki chini walikuwa wamejaribu kumponya, wakashindwa, na sasa walikuwa wakibishana na waandishi. Juu mlimani nuru na utukufu; chini vumbi, ubishi, na kijana amelala chini povu likimtoka. Bwana hakuujenga utumishi wake kule juu. Alishuka.

Kuhusu mlima wenyewe, wataalamu hawakubaliani. Mapokeo ya zamani husema ni Tabori, kilima kisichofika mita 600, ambacho kingesimama kwetu kingekuwa juu kidogo tu ya mashamba ya mpunga ya Kyela. Wengine husema ni Hermoni, wenye mita 2,814. Ikiwa ni Hermoni, basi Rungwe wetu wenye mita 2,960 unauzidi, na mtu wa huku hana haja ya kuelezwa mlima mrefu ni nini. Wala hana haja ya kuelezwa kushuka ni nini. Huku Matwebe, kama ilivyo karibu Rungwe yote, hakuna tambarare ndefu. Ukitoka nyumbani ama unapanda ama unashuka, na mzigo uko kichwani, mgongoni au kwenye keria ya baiskeli.

Nataka kusema juu ya hiyo baiskeli. Najua wapo watakaoshangaa kwamba padre ameacha utukufu wa Bwana ameingia habari za cheni na ringi. Wavumilie kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 1984, mabinamu wawili Waingereza, Nicholas Crane na Richard Crane, walipanda Kilimanjaro na baiskeli zao mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Lengo lao lilikuwa kukusanya fedha za pampu za maji zinazoendeshwa kwa upepo huku Afrika Mashariki, na baadaye waliandika kitabu cha safari hiyo. Nasema walipanda na baiskeli, maana kule juu ilikuwa zaidi kuzibeba na kuzisukuma kuliko kuziendesha. Hewa ya Uhuru ni yapata nusu tu ya ile ya pwani. Mtu akienda hatua kumi husimama kutafuta pumzi, sembuse mwenye baiskeli begani. Siku hizi jambo hilo limekuwa la kawaida kiasi kwamba kuna njia ya Kilema ambako Hifadhi inawaruhusu wageni kuendesha baiskeli mpaka kituo cha Horombo, mita 3,720 hivi.

Mbali zaidi, katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani kwa ajili ya kushuka tu. Hupandishwa kwa gari mpaka juu kabisa, kisha huteremka kwa baiskeli katika mapito ya mawe ambayo hakuna tingatinga lililoyachonga, mapito yaliyokanyagwa tangu kale na watu waliokuwa wakiswaga llama, yule mnyama wao wa mizigo aliye jamaa ya ngamia. Katika nchi ya Bolivia iko barabara moja nyembamba ya udongo, ukuta wa mlima upande mmoja na shimo upande wa pili, iliyopewa jina la Njia ya Mauti kwa sababu ya magari mengi yaliyotumbukia. Yashuka kutoka mita zaidi ya 4,600 penye baridi kali hadi karibu mita 1,200 penye migomba. Miaka ya 2000 ilijengwa barabara nyingine, magari mengi yakahama, na ile ya zamani ikabaki kuwa ya waendesha baiskeli. Hulipa fedha nyingi ili waiteremke.

Sikilizeni sasa jinsi wanavyoshuka. Kabla ya kuanza, kiongozi hukagua breki za kila baiskeli, mbele na nyuma. Kila mtu huvaa kofia ngumu, na wengi huvaa ngao za magoti na viwiko. Hufundishwa namna ya kukamata kona na mahali pa kusimama. Gari huwafuata nyuma, lina dawa na baiskeli ya akiba. Hata hivyo wako waliokufa, maana mlima haumwonei haya mtu. Lakini angalieni: wale wanaofanya jambo hilo kwa mchezo, kwa likizo, kwa kufurahisha moyo, hawathubutu kushuka bila breki.

Sasa tuje kwa wale wanaoshuka kwa kazi.

Wenzetu wa Burundi wana barabara itokayo Bugarama, juu ya mita 2,000, mpaka Bujumbura karibu na Ziwa Tanganyika, ambako si zaidi ya mita 800. Vijana huteremka humo na mikungu ya ndizi imefungwa pande zote za baiskeli hata huioni baiskeli yenyewe. Wakiisha kuuza, hurudi juu kwa kushika nyuma ya malori kwa mkono mmoja. Picha zao zimezunguka dunia nzima, watu huzitazama na kustaajabu. Mimi sikustaajabu. Nimewaona vijana wetu.

Nimewaona wale wanaoteremka kutoka Isyonje na viazi, alfajiri, ukungu ukiwa haujainuka, magunia mawili kwenye keria, na kijana amekaa mbele kabisa ya kiti kwa sababu nyuma hapana nafasi. Nimewaona wa ndizi, wa mkaa na wa mbao. Nimesimama kando ya barabara ya kwenda Kyela nikawaona wakipita kama Yehu mwana wa Nimshi, yule ambaye mlinzi wa mnarani alimtambua kwa mbali kwa uendeshaji wake wa kichaa. Wenzetu wa upande wa Makete wana ile barabara ya Chimala kwenda Matamba iitwayo Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Nako ni hivyohivyo. Nyingi ya baiskeli hizo ni Phoenix za Kichina, na Hero na Avon za Kihindi, chuma imara chenye breki za fimbo. Ni baiskeli njema. Fimbo huvuta raba mbili ndogo zikakamata ringi, na raba zikiwa nzima, ringi ikiwa kavu, mtu husimama. Lakini ringi ya chuma ikilowa raba huteleza, na ninyi mwajua mvua za Tukuyu. Na raba zikiisha, watu hawanunui nyingine. Fimbo hufunguliwa, huuzwa au huwekwa darini. Kijana hushuka akiwa amekanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kandambili.

Mwalimu mmoja wa hesabu aliniandikia jambo hili kwenye karatasi, nami nililikagua mara mbili. Chukua kijana wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 100. Kutoka Tukuyu mpaka kando ya Ziwa Nyasa mteremko unakaribia mita 1,000. Nguvu yote iliyomo katika uzito ule ukishuka kimo hicho, ukiigeuza kuwa moto, yatosha kuchemsha sufuria ya maji ya lita 5. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na kokoto za njiani. Inayobaki lazima izimwe na breki. Raba mbili zisizozidi ukubwa wa kidole ndizo zinazobeba moto huo. Na kama hakuna raba, unabebwa na kandambili. Tena aliandika chini kwa kalamu nyekundu, kama walimu walivyo, kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne.

Nimewauliza vijana wenyewe. Kijana mmoja aliye na sauti nzuri katika kwaya nilimwuliza, “Mwanangu, ukikutana na lori kwenye kona utafanyaje?” Akanijibu kwa unyenyekevu kabisa, “Shikamoo baba, Mungu yupo.”

Ndugu zangu, jibu hilo limenikosesha usingizi kuliko lile la mlevi. Maana mlevi akisema hajali, twajua mahali pa kuanzia. Huyu ajali, ana imani, na imani yake yenyewe ndiyo inayomwua. Someni Mathayo sura ya 4. Ibilisi alimchukua Bwana mpaka juu ya kinara cha hekalu, mahali pa juu kabisa, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa imeandikwa katika Zaburi kwamba malaika watamchukua. Angalieni, Ibilisi hapo hakusema uongo kuhusu Zaburi. Maneno yamo. Ni mahubiri kamili yenye fungu la Maandiko: shuka tu, Mungu yupo. Na Bwana, ambaye kama ni malaika alikuwa nao majeshi, alikataa. Alijibu kwa neno la Musa linalokataza kumjaribu Bwana Mungu. Ikiwa Mwana wa Mungu hakukubali kushuka kwa njia ya kuwalazimisha malaika, wewe mwenye viazi watoka wapi na ujasiri huo? Malaika hawakuwekwa wawe badala ya raba za breki.

Maneno mengi yameandikwa kwa rangi kwenye matopetope ya baiskeli na pikipiki zetu: Mungu Nisaidie, Yesu ni Jibu, Tumaini Letu. Siyachukii. Ila ninapoona andiko zuri nyuma na mbele hakuna breki, nakumbuka kinara cha hekalu.

Hata hivyo sitaki mzigo wote wa neno hili uwaangukie vijana, maana hiyo ndiyo desturi yetu mbaya: kila linapotokea jambo mlimani twamlaumu aliyeshuka. Tuulize baiskeli ni ya nani.

Nyingi si zao. Zimekodishwa. Kijana huchukua asubuhi, jioni hupeleka hesabu ya siku. Iwe mvua, liwe jua, hesabu ni ileile, kwa hiyo lazima aende safari nyingi na kwa haraka. Wenye baiskeli hizo si watu wa mbali. Baadhi yao husoma gazeti hili. Baadhi yao hukaa viti vya mbele. Nimepata kusoma ibada ya maziko ya kijana aliyefia mteremkoni, na kabla udongo haujakauka alikuja mtu kwa wafiwa kuuliza baiskeli yake iko wapi na nani atalipa uma uliopinda. Sitamtaja wala sitasema ni wa kijiji gani. Ilikuwa baiskeli isiyo na breki, na yeye alijua, maana ndiye aliyezifungua.

Mtu huyo akija kwangu kutaka ushauri, nitamfungulia Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 8. Ni aya ambayo watu huipita wakitafuta mambo makubwa zaidi. Hapo Musa awaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya afanye ukuta mfupi kuzunguka dari yake, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari tambarare, watu walikaa juu jioni kupunga upepo, walilala huko, walianika nafaka huko. Sheria haisemi wageni wawe waangalifu. Haisemi watoto wafundishwe kutocheza ukingoni. Yasema mwenye nyumba ajenge ukuta, na asipojenga, damu ni juu ya nyumba yake. Mungu hamwulizi kwanza aliyeanguka alikuwa akifanya nini. Amwuliza mwenye dari.

Sura ya 21 ya Kutoka, aya ya 33 na 34, yasema hivyohivyo juu ya mtu aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia. Mwenye shimo atalipa. Kama punda ana thamani hiyo mbele za Mungu, kijana wa Matwebe je?

Basi raba za breki ndizo ukuta wa dari yako, wewe mwenye baiskeli. Si hisani unayomfanyia kijana, wala si jambo la kumkata kwenye fedha yake ya jioni. Ni sehemu ya baiskeli, kama ukuta ulivyo sehemu ya nyumba. Ukimpa mtu baiskeli isiyo na breki umempa dari isiyo na ukuta na kumwambia acheze juu yake. Na haya nayasema pia kwa wenye pikipiki za bodaboda. Najua siku hizi mizigo mingi imehamia huko, na wako watakaosema baiskeli ni habari ya zamani. Mteremko ni uleule, na hesabu ya jioni ni ileile.

Na wanunuzi nao wasiondoke wakicheka. Iko ile lumbesa, gunia linalojazwa mpaka shingo ikashonewa kofia ya majani juu yake, mkulima akalipwa kama gunia moja. Serikali imeikataza, mizani imewekwa kikomo cha kilo 100, lakini lumbesa bado yaonekana. Nabii Amosi aliwakemea wafanyao kipimo kuwa kidogo wanapouza. Wa kwetu wamegundua kukifanya kikubwa wanaponunua, na sioni kwamba Amosi angewasifu kwa uvumbuzi huo. Siku zote tumeiona kuwa dhuluma kwa mkulima, na ndivyo ilivyo. Lakini gunia lile halishuki lenyewe kutoka Isyonje. Liko juu ya baiskeli, nyuma ya mgongo wa mtoto wa mtu, na kila kilo uliyoiiba kwa mkulima yamsukuma yule kijana kwenye kona.

Nirudi kwa yule baba wa chini ya mlima. Bwana alimwuliza tangu lini mtoto amepatwa na hali hiyo, akajibu tangu utotoni. Katika jibu lile mna miaka mingi ya baba kuamka usiku, kumtoa mtoto kwenye moto, kumvuta kutoka majini, kuogopa kila asubuhi. Wazazi wa vijana wa baiskeli wanaielewa hofu hiyo. Mama mmoja wa Umoja wetu aliniambia kwamba hawezi kula chakula cha mchana mpaka asikie kengele ya baiskeli ya mwanawe uani. Baba yule alikuja kwa wanafunzi kwanza. Hilo twalisahau. Hakuanza na Bwana. Bwana alikuwa mlimani. Alianza na Kanisa lililokuwa chini, wale tisa, nao wakashindwa, wakabaki wakibishana. Walipomwuliza Bwana baadaye faraghani kwa nini walishindwa, aliwaambia habari ya kuomba. Nami nadhani mtu anayemwombea kijana kwa kweli hawezi kumaliza sala yake bila kutazama magurudumu yake.

Sijapata kusikia katika halmashauri yetu ya kanisa, katika miaka yote niliyokaa, ajenda ya breki. Tumezungumza bati, tumezungumza kengele, tumezungumza mara tatu juu ya rangi ya mlango wa sakristia. Wazee wenyewe wamesema mwezi uliopita kwamba sasa imetosha, na nawashukuru kwa kuwa walisema kabla sijasema mimi. Waliyokubaliana ni haya.

Jumapili inayofuata sikukuu, mara baada ya Ushirika Mtakatifu, mafundi baiskeli wawili watakaa chini ya mti ulio nyuma ya kanisa mpaka jua litakapozama. Watakagua baiskeli yoyote italetwa, ya Mwanglikana, Mmoravia, Mlutheri, Mwislamu au ya asiyesali kabisa. Kukagua ni bure. Raba na fimbo zitauzwa kwa bei ya kununulia, bila faida. Mwenye kukodisha baiskeli alete zote alizo nazo, si ile mpya tu, na alipe yeye mwenyewe, si kijana anayeiendesha. Mzee wa kanisa atakuwa na daftari la kuandika baiskeli zilizokaguliwa, nayo majina ya wenyewe yatasomwa kanisani Jumapili itakayofuata. Majina ya wasioleta hayatasomwa. Kila mtu atajihesabia.

Kijana mwenye baiskeli yake na asiye na fedha amwone mlezi wa vijana kabla ya Ijumaa. Akina mama wa Umoja wamekwisha kutenga sehemu ya mfuko wao kwa ajili hiyo, na kama wanaume nao wangependa kutenga, kikapu kitakuwa mlangoni.

Baiskeli ziletwe zikiwa zimeoshwa, mafundi wasipoteze asubuhi nzima wakikwangua udongo kwenye ringi. Anayeishi juu ya mlima na hana breki, siku hiyo aje akiisukuma.